Bustani Isiyo na Kesi

Saa saba mchana, Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi hujaa watu wasio na haraka. Wengine wamelala chali kwenye nyasi, viatu vimewekwa chini ya kichwa visije vikatembea peke yao. Wahubiri wamegawana pembe, kila mmoja na spika yake ndogo, na msikilizaji akisogea hatua ishirini tu anatoka Mwanzo anaingia Ufunuo. Wapiga picha wanazunguka na kamera shingoni na picha za mfano mkononi, wakimwita kila apitaye na mtoto. Kwenye benchi mzee anasoma gazeti, na nyuma yake kijana analisoma gazeti hilohilo bure, akiomba kimoyomoyo ukurasa usifunuliwe kabla hajamaliza.

Eneo lenyewe ni dogo, ekari tano hivi, limebanwa kati ya Moi Avenue na barabara ya Muindi Mbingu. Lakini swali likizuka kama linastahili ukurasa wake katika kamusi elezo ya mtandaoni, jibu halichukui dakika. Linastahili. Kinachochukua muda ni kueleza kwa nini, kwa sababu nyasi hazimo katika jibu, wala vivuli, wala wahubiri.

Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una bustani nyingine, ile isiyo na mtu wa kuisemea. Ina miarobaini minne na bembea mbili, moja imekatika mnyororo. Benchi zake ni za saruji, na kila benchi ina jina la benki au la kampuni ya simu iliyozifadhili. Pana bango la bati linalokataza kukanyaga nyasi, ingawa nyasi zilikwisha siku nyingi na kilichobaki ni vumbi linalofagiliwa kila asubuhi. Jioni watoto wa mtaa mzima wako hapo. Harusi hupigiwa picha hapo, vikao vya kuchangia msiba hufanyika hapo, na yupo aliyemposa mkewe chini ya mwarobaini wa tatu. Siku moja kijana wa mtaani anafungua Wikipedia ya Kiswahili, anatafuta jina la bustani hiyo, hapati kitu. Anaamua kuuandika ukurasa mwenyewe. Baada ya siku mbili anaukuta umebandikwa kigezo cha kupendekeza ufutwe.

Anachohisi kijana huyo ni kama mtaa wake umeambiwa si kitu. Na hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia.

Kanuni kuu ya Wikipedia ya Kiingereza, ambayo matoleo mengi ya lugha nyingine huifuata kwa kiasi, haiulizi kama kitu ni kizuri, kikubwa au kinapendwa. Inauliza kama kimeandikwa. Inataka kiwe kimeelezwa kwa kina, katika vyanzo vya kuaminika, na vyanzo hivyo viwe vya watu wasio na masilahi katika kitu chenyewe. Kwa Kiswahili kipimo hiki mara nyingi huitwa umaarufu, na neno hilo lina lawama zake. Umaarufu kwa Mswahili ni kujulikana na watu. Bustani ya miarobaini inajulikana na kila dereva wa bodaboda wa mji ule. Ukimtajia jina hakuulizi njia. Kamusi elezo inamaanisha jambo jingine kabisa: je, kuna mtu wa mbali, asiye na undugu na bustani hiyo, aliyewahi kukaa chini akaandika habari zake za kutosha kujaza ukurasa? Mhariri anayepiga muhuri wa kufuta hakusema mtaa si kitu. Amesema hakuna aliyeandika. Ni habari mbili tofauti, ingawa kwa aliyefutiwa ukurasa zinauma sawasawa.

Jeevanjee ilipata waandishi wake mapema. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, alifika Mombasa mwaka 1890 akatajirika kwa kuwapelekea wajenzi wa Reli ya Uganda vibarua na vyakula. Ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard, ambalo baadaye likawa East African Standard. Mwaka 1906 aliutoa uwanja huu kwa wakazi wa Nairobi, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa na Duke wa Connaught, mtoto wa malkia mwenyewe. Hapo tayari kuna tajiri, gazeti, reli na ufalme. Mwanahistoria yeyote wa Nairobi angelipita jambo hilo kwa aya moja au mbili.

Aya mbili hazitoshi. Kilichoiingiza Jeevanjee katika vitabu kwa uzito ni jaribio la kuimaliza. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuijenga bustani hiyo, majengo ya ghorofa mahali pa nyasi. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama mbele ya upinzani, mwanamazingira Wangari Maathai akaunga mkono, na mpango ukafa. Patel hakuishia hapo. Mwaka 1997 alichapisha kitabu kizima kuhusu babu yake na vita vyake vya kudai haki sawa katika Kenya ya kikoloni. Miaka iliyofuata makundi ya wananchi yaliyojiita bunge la mwananchi yaligeuza benchi za bustani kuwa viti vya mijadala ya siasa. Mwaka 2015 sanamu ya malkia ikakatwa kichwa, na waandishi wa habari wakaja tena. Anayetaka kuandika makala ya Jeevanjee leo shida yake ni kuchagua, maana vyanzo vimejaa.

Uhuru Park, umbali wa kutembea kutoka hapo, ina mkondo uleule. Jomo Kenyatta aliifungua mwaka 1969. Kwa miaka ishirini ilikuwa bustani ya kupunga upepo na kupanda boti siku za sikukuu. Halafu mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ikataka kusimamisha humo jengo la ghorofa 60, makao ya chama na vyombo vyake vya habari, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais Moi. Maathai aliandika barua kwa kila aliyedhani angesikiliza, ndani na nje ya nchi. Alitukanwa bungeni. Wafadhili wakajitoa, jengo halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakafunga kula katika pembe ya bustani hiyo, pembe ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner. Mwaka 2004 Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na magazeti mengi duniani yaliyoandika habari zake yakaitaja Uhuru Park.

Mtu akizipanga bustani hizi kwa wingi wa maandishi yanayozihusu ataona jambo ambalo kanuni za Wikipedia hazilisemi waziwazi. Kwetu, bustani huandikwa inapogombaniwa. Iliyonyakuliwa nusu ina faili mahakamani, ina picha ya waandamanaji, ina kauli ya waziri na kauli ya kumpinga waziri. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa Kenya mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti mwaka uliofuata, iliambatanisha orodha ndefu za viwanja vilivyogawiwa kinyume cha sheria. Kuna maeneo ya umma ambayo rekodi yao bora kuliko zote imo katika orodha hizo za wizi. Dar es Salaam hali si tofauti sana: neno la magazeti ni “maeneo ya wazi”, na mara nyingi halitembei bila mwenzake, “kuvamiwa”. Bustani iliyobahatika kutunzwa vizuri tangu ilipofunguliwa, isiyo na kesi wala fujo, haimpi mhariri wa habari sababu ya kumtuma mtu. Ina amani, na amani haichapishwi.

Kwa hiyo mwamuzi mwangalifu, kabla ya kubandika kigezo cha kufuta, afanye kazi ya kutafuta. Hapa wengi hukosea kwa uvivu. Wanaandika jina la bustani kwenye injini ya kutafutia, wanaona kurasa za hoteli na orodha za “mahali kumi pa kutembelea wikendi”, wanafunga. Magazeti ya Kiswahili na ya Kiingereza ya miaka ya 1970 na 1980 kwa sehemu kubwa hayapatikani kwa njia hiyo; yako kwenye majalada ya maktaba na nyaraka za taifa, yananuka vumbi, na hufunguliwa kwa mikono. Kinyume chake, Gazeti Rasmi la Kenya la miaka mingi limeshachanganuliwa na linasomeka mtandaoni. Ila nalo lina mipaka. Tangazo la Gazeti Rasmi linathibitisha kuwa kiwanja fulani kilitengwa kuwa cha burudani. Halielezi chochote zaidi. Ni cheti cha kuzaliwa, na hakuna anayeandika wasifu wa mtu kwa cheti cha kuzaliwa peke yake.

Tangazo la aina moja tu hubadilisha mizani: lile la kulifanya eneo kuwa turathi ya taifa. City Park ya Nairobi, yenye miti ya asili na kima ambao hunyang'anya ndizi mkononi mwa mgeni, inalindwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya. Humo wamezikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965, na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Kanuni za Wikipedia huchukulia kuwa mahali palipopewa hadhi ya urithi ngazi ya taifa panastahili makala, kwa sababu kwa kawaida hadhi hiyo haitolewi bila kuandikwa sababu zake. Kaburi la mtu mashuhuri peke yake lisingetosha.

Hilo la kaburi linahitaji maelezo, maana ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Umaarufu haurithiwi. Bustani haiwi na makala kwa sababu rais alipanda mti humo, au kwa sababu mwanamuziki alirekodi video humo. Mfano mzuri uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mdogo aliyeokolewa pwani alipelekwa Haller Park, akampenda kobe mzee wa Aldabra kama mama yake. Wakaitwa Owen na Mzee. Habari ikazunguka dunia, vitabu vya watoto vikaandikwa, picha zikabandikwa kwenye kuta za madarasa ya nchi ambazo watoto wake hawajawahi kumwona kiboko. Sifa hiyo yote ni ya kiboko na kobe. Kama Haller Park ingekuwa boma la kawaida la wanyama, makala yangekuwa ya Owen na Mzee, nayo bustani ingetajwa humo kwa sentensi moja.

Lakini Haller Park ina hadithi yake. Ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji: shimo jeupe, lenye joto, lisilo na udongo, maji ya chumvichumvi yakichungulia chini. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina nyingi za miti pale. Mvinje ulikuwa kati ya ile michache iliyokubali. Majani yake makavu yakawa yanarundikana bila kuoza. Akaleta jongoo wenye miguu myekundu, wale ambao watoto wa Pwani huwagusa kwa kijiti wajikunje. Jongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukaotesha miti mingine, na miaka ya 1980 machimbo yakafunguliwa kwa watalii. Wanaikolojia wameliandika jambo hilo tena na tena. Makala ya bustani hii yangesimama hata kama Owen angezaliwa mto mwingine.

Sasa upande wa pili wa mizani, na hapa kijana wa miarobaini ana haki ya kulalamika. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala za kata za Tanzania, moja baada ya nyingine, Bara na Visiwani. Nyingi zina mistari miwili au mitatu: jina la kata, wilaya, mkoa, namba ya posta, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Basi. Hakuna anayezifuta, kwa sababu mahali panapokaliwa na watu na kutambuliwa na sheria huchukuliwa kuwa panastahili hata kabla ya mtu kuuliza. Kwa hiyo kata ina ukurasa wenye takwimu tu, ilhali bustani iliyomo ndani ya kata hiyo, yenye hadithi ambazo wazee wanaweza kuzisimulia hadi adhana ya alfajiri, haina. Ukimweleza mtu hivyo kwa mara ya kwanza atadhani unamtania.

Ipo sababu. Kata haiwezi kubuniwa; sensa na serikali zimeithibitisha, na takwimu zake zitazidi kuja kila baada ya miaka kumi. Bustani inaweza kuandikwa na aliyepewa zabuni ya kuitunza, au na mpambe wa mwanasiasa aliyeifungua, na hakuna wa kumsahihisha. Lakini sababu nzuri haiondoi uchungu, na wakabidhi, kama wanavyoitwa wasimamizi wa Wikipedia ya Kiswahili, wangefanya vizuri kukumbuka kuwa jirani yao, Wikipedia ya Kisebuano ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6 ambazo nyingi ziliandikwa na roboti ya Mswidi mmoja, Sverker Johansson, ikichota majina kutoka hifadhidata. Humo mna vilima na vijito vya Afrika ambavyo hata wachungaji wa hapo hawavijui kwa majina hayo. Ukilinganisha na hilo, aya tatu za kijana kuhusu bembea iliyokatika si janga.

Tena wanaoamua si malaika. Septemba 2007 Jimmy Wales, mmoja wa waasisi wawili wa Wikipedia, alikula nyama Gugulethu, kitongoji cha Cape Town, mahali palipoitwa Mzoli's: bucha upande huu, jiko la kuchomea upande ule, muziki katikati na foleni hadi barabarani. Akaanzisha makala ya sentensi moja. Chini ya nusu saa ikafutwa. Mwasisi mwenyewe! Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, wengine wakisema bucha ni bucha, wengine wakiitetea makala. Vyanzo vilitafutwa, vikapatikana magazetini, makala ikarudi. Vilikuwapo tangu mwanzo. Aliyefuta hakuvitafuta, na labda jina la Gugulethu halikumwambia chochote.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Kenya. Machi 2010 kundi la Just A Band lilitoa video ya wimbo wao “Ha-He”, na mhusika wake Makmende, jina ambalo watoto wa Nairobi walikuwa wakimpa kila anayejifanya shujaa wa sinema, akawa gumzo mitandaoni. Wakenya wakamwandikia ukurasa katika Wikipedia ya Kiingereza. Ukafutwa, ukaandikwa tena, ukafutwa. Mhariri aliye bara jingine aliona utani wa kienyeji. Aliyeko Nairobi aliona mji mzima unazungumza jambo moja. Magazeti ya nje yalipolichukua jambo hilo, ukurasa ukaruhusiwa kubaki. Mkasa huo unasikitisha kuliko ule wa Mzoli's, kwa sababu kilichobadilika siku ile hakikuwa uzito wa Makmende Nairobi. Alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni anwani ya aliyeandika.

Pia kuna tatizo la jina, na kwa Kiswahili ni kubwa kuliko linavyoonekana. “Hifadhi” imeshachukuliwa na Serengeti na Mikumi. “Bustani” inaweza kuwa ya maua, ya mboga au ya wanyama. Kenya watu husema tu “paki” au hutaja jina la Kiingereza lilivyo. Dar es Salaam wanasema “viwanja”, na “viwanja vya Mnazi Mmoja” havimwambii mgeni kuwa anazungumziwa uwazi wa mji wenye historia ya miaka mia moja. Waingereza waliuacha wazi kwa makusudi kati ya eneo la biashara la Uhindini na nyumba za Waafrika wa Kariakoo. Kisingizio kilikuwa afya, maana halisi ilikuwa ukuta bila matofali. Miaka ya 1950 chama cha TANU kikafanya mikutano yake papo hapo, kwenye mstari uliochorwa kuwatenga watu. Mwamuzi anayetafuta neno “bustani” pekee hatavipata viwanja hivyo, ataandika “hakuna vyanzo”, naye atakuwa amekosea kwa sababu ya msamiati tu.

Waliolifikiria tatizo la maandishi kwa ujasiri zaidi ni kundi la mtafiti Achal Prabhala, ambalo mwaka 2011 lilifanya majaribio India na Afrika Kusini: kurekodi wazee na mafundi wakieleza mambo ambayo hayajachapishwa popote, kisha kuzitumia sauti hizo kama vyanzo vya makala. Kwa utamaduni kama wa Waswahili, ambao umehifadhi nasaba na mashairi vifuani kwa karne nyingi, wazo hilo linavutia mno. Halikuwa kanuni, na ni vigumu kuwalaumu waliolikataa. Mzee atasema bustani ilifunguliwa mwaka wa njaa. Mwenzake atasema mwaka wa mafuriko. Na kamusi elezo haina hakimu wa kuwapatanisha. Rekodi kama hizo zina mahali pake, katika hifadhi za sauti na vyuo vikuu, na mtafiti akishazichapisha, hapo ndipo mhariri wa Wikipedia anaweza kuzitumia kwa moyo mweupe.

Mjadala wenyewe wa kufuta, katika toleo la Kiingereza, huendeshwa kwa siku saba. Si kura. Watu ishirini wakiandika “ibaki, tunaipenda” na mmoja akaonyesha kuwa vyanzo vyote vinne ni taarifa ya halmashauri iliyonakiliwa neno kwa neno na magazeti manne, yule mmoja ameshinda. Kunakili huko kunawadanganya wengi. Mkuu wa wilaya anakata utepe, ofisi yake inatuma taarifa, na kesho yake aya zilezile zinatokea magazetini chini ya majina ya waandishi tofauti. Vinaonekana vyanzo vinne, kumbe ni kimoja, tena cha mwenye bustani. Habari kuwa mtu aliibiwa simu bustanini, au kuwa bonanza la vijana lilifanyika hapo, hazihesabiki pia. Bustani imetajwa kama mahali tu, kama vile kituo cha mabasi kinavyotajwa. Kinachohesabika ni mwandishi aliyekwenda, akauliza ilianzaje, nani aliichora, miti ilitoka wapi, kwa nini iliachwa ikauke, akaandika. Makala mbili tatu za namna hiyo, kutoka kwa watu wasiojuana, zinatosha. Kitabu kimoja cha historia ya mji chenye sura kuhusu bustani za umma kinaweza kuokoa bustani tano kwa mpigo.

Miarobaini minne haina hata makala moja. Kwa kipimo hicho ukurasa wake hausimami, na aliyeweka kigezo cha kufuta alikuwa sahihi katika hukumu, ingawa angeweza kuwa mpole katika maneno. Ila kufuta ni njia ya mwisho, na wahariri wengi huirukia kana kwamba ni ya kwanza. Makala ya kata ipo pale na mistari yake mitatu mikavu. Habari ya bustani ihamishiwe humo: mwaka ilipotengwa kwa mujibu wa Gazeti Rasmi, ukubwa wake, iko wapi, inatumika kwa nini. Jina la bustani libaki kama ukurasa wa kuelekeza, ili anayelitafuta afikishwe kwenye kata badala ya kukuta patupu. Picha ziende Wikimedia Commons, ambako hakuna anayeuliza umaarufu wa mwarobaini. Mahali pake pawekwe kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo kuanzia mwaka 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria, waliijaza mtaa kwa mtaa, mifereji kwa vichochoro, kwa ajili ya kupambana na mafuriko. Hifadhidata ya Wikidata nayo inaipokea bustani kwa masharti mepesi zaidi. Makala ya kata inanenepa, na siku mwandishi wa kweli atakapoijia bustani, msingi utakuwa umeshachimbwa.

Kijana akubali hukumu hiyo kwa sasa, halafu aingie nyumba za jirani. Maandishi ya mtaani hayafi yote. Mengine yamelala chini ya magodoro na ndani ya masanduku ya bati, au yamekunjwa kwenye makabati ya walimu wastaafu na makatibu wa zamani wa kata. Mwenye gazeti la siku bustani ya kwao ilipofunguliwa asilifungie maandazi. Aandike jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa, alipige picha, kisha ampe kijana.